Imamu Nawawi na Kazi ya Kila Siku

Imamu Yahya bin Sharaf An-Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa mwaka 631 wa Hijria (1233 Miladia) katika mji mdogo wa Nawa, nchi ya Sham. Babaye alikuwa na duka, akamweka humo angali mtoto. Lakini kuuza na kununua hakukumwachisha Kurani, hata alipokaribia kubaleghe alikuwa amekwisha kuihifadhi.

Mwaka 649 babaye alimpeleka Dameski, akakaa katika madrasa ya Rawahiya. Kwa miezi minne na nusu akahifadhi kitabu cha Tanbihi. Kisha akajiwekea darsa 12 kila siku, za fikihi, hadithi, nahau, usuli na nyinginezo; na kila darsa akiandika sherehe ya yaliyo mazito na kusahihisha matamko yake. Alikula mara moja tu kwa siku, na usingizi ukimshinda huegemea vitabu vyake kitambo, kisha huamka akarejea kazini.

Alipoanza kutunga hakuiacha ada hiyo. Karatasi chache za leo zikafuatwa na chache za kesho, hata vikatimia Riyadhu Swalihina, Arubaini, sherehe ya Sahihi Muslim, na Minhaji, kitabu ambacho kimesomeshwa Lamu, Mombasa na Unguja, na makadhi wa pwani wakakitegemea katika hukumu zao.

Kitabu chake kikubwa katika fikihi, Majmui, hakuwahi kukimaliza. Alikifikisha katika mlango wa riba, na mauti yakamfika Nawa mwezi wa Rajabu mwaka 676 (1277 Miladia), umri wake miaka 45 ya Hijria. Imamu Taqiyuddin As-Subki akaiendeleza kazi ile, naye akafa kabla ya kuitimiza. Hata katika karne ya 20 ya Miladia wanavyuoni walikuwa bado wakiikamilisha. Lakini juzuu alizoziandika Nawawi mwenyewe husomwa na kutegemewa hata leo, kwani aliacha kila ukurasa umetengenea.

Basi mwenye kungoja apate faragha ndipo aanze kusoma, na azingatie duka la Nawa. Na mwenye kuacha jambo la kheri kwa kuchelea kufa hajalitimiza, na azingatie Majmui. Ajifungie fungu dogo la kila siku, alishike. Kutimiza ni kwa Mwenyezi Mungu.

Mola amrehemu Imamu, na awanufaishe Waislamu kwa ilimu yake. Amin.