THOMAS WAKEFIELD NA SWALI LA KINANDA

Katika kijitabu hiki cha jubilii tumeona vyema tumkumbuke Thomas Wakefield, mmishenari aliyehangaikia Injili ifike huku kwetu Tana. Jambo moja linamhusu sana mwanakwaya: kanisa lililomtuma lilizaliwa, kwa sehemu, kutokana na ugomvi wa kinanda.

Mwaka 1827, mjini Leeds, Uingereza, wadhamini wa kanisa moja la Methodisti walitaka kuweka kinanda. Mkutano wa viongozi wa hapo ukakataa. Konferensi ikaruhusu, na neno la wenyeji likawekwa kando. Mamia ya washirika walijitoa. Kilichowauma zaidi ya kinanda ni swali hili: nani mwenye uamuzi kanisani? Mwaka 1857 wao na wengine wenye kilio hicho waliungana, wakawa Methodisti Huru. Huko, makanisa ya kila eneo yalijiamulia mambo yake, na washirika wa kawaida walichaguliwa kuketi na wachungaji katika mkutano mkuu.

Ndilo lililomtuma Wakefield, aliyezaliwa mwaka 1836. Alifika pwani pamoja na Ludwig Krapf, na misheni ya Ribe ikaanza mwaka 1862. Krapf aliugua akarudi Ulaya, Wakefield akabaki. Mwaka 1873 alimzika mkewe Rebecca hapo Ribe. Mwaka 1875 mwenzake Charles New naye akafariki. Hata hivyo hakuwasahau Waorma, ambao alikuwa amewatembelea mwaka 1865. Miaka ishirini baadaye misheni ya Golbanti ilifunguliwa, hapa jirani yetu kando ya Mto Tana. Mwaka 1886 John na Annie Houghton waliuawa hapo na wavamizi, pamoja na waumini kadhaa. Wakefield alirudi Uingereza baadaye, akafariki mwaka 1901.

Tuseme ukweli: haki waliyoidai watu wa Leeds haikufika Ribe wala Golbanti upesi. Wamishenari na kamati ya ng'ambo ndio walioamua makubwa, ingawa Waafrika walihubiri, walifundisha na wengine walikufa. Kanisa la Methodisti Kenya lilipata kujitawala mwaka 1967, miaka 105 baada ya Ribe.

Nasi kwaya tujipime hapo. Sare, safari, vyombo na sadaka ya kwaya vinamhusu kila mwimbaji, hata aliyejiunga juzi. Kamati ikiamua peke yake, huenda kinanda kikanunuliwa na sauti zikapotea. Mwenyekiti aulize, mhazini asome hesabu mbele ya wote, na mwimbaji naye ahudhurie mkutano, asingoje kulalamika njiani. Uamuzi ukishapita, sote tuubebe.

Mungu aibariki jubilii yetu. Amina.