Henry Moseley: Aliyezipa elementi nambari zake, akauawa vitani akiwa na miaka 27

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia viliwafikia Abagusii mapema. Mnamo Septemba 12, 1914, kabla vita havijatimiza miezi miwili, majeshi ya Ujerumani yaliyotoka upande wa Mwanza yalipambana na askari wa King's African Rifles mjini Kisii. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyomuua mwanafizikia Mwingereza Henry Moseley, ambaye hesabu yake hufuatwa na kila jedwali la elementi linalotundikwa katika maabara za shule za Kisii na Nyamira.

Moseley alizaliwa Weymouth, Novemba 23, 1887. Babake, profesa wa Oxford aliyewahi kuizunguka dunia kwa meli ya utafiti ya Challenger, alifariki mwanawe akiwa hajatimiza miaka minne. Kijana alisomea Eton na Oxford, kisha mwaka wa 1910 akajiunga na maabara ya Ernest Rutherford mjini Manchester.

Siku hizo elementi zilipangwa kwa uzito wa atomi, na mpangilio huo ulikuwa na dosari. Kobalti ni nzito kidogo kuliko nikeli, ilhali tabia zake zilidai itangulie. Nambari ya elementi ilikuwa nafasi kwenye foleni tu, basi.

Mwaka wa 1913 Moseley alipanga vipande vya metali juu ya kigari kidogo ndani ya mrija ulioondolewa hewa, akawa anakivuta kwa uzi wa hariri ili kila kipande kipigwe kwa zamu na elektroni zenye kasi. Elektroni ya ndani ya atomi inapong'olewa, nyingine hushuka kutoka ngazi ya juu ya nishati na kuliziba pengo, na nishati inayozidi hutoka kama eksirei. Kwa kuwa ngazi hizo hutegemea chaji ya kiini, kila elementi hutoa eksirei zenye urefu wake maalumu wa mawimbi. Moseley alizielekeza kwenye fuwele, zikaacha mistari kwenye bamba la picha. Hata uchafu haukujificha: kobalti yake ilionyesha pia mistari ya chuma na nikeli.

Kipeuo cha pili cha marudio ya mawimbi hayo kiliongezeka kwa kiasi kilekile kutoka elementi moja hadi inayofuata. Nambari, kwa hivyo, ilikuwa chaji ya kiini chenyewe. Kobalti ikawa 27, nikeli 28. Palipokosekana hatua, yaani 43, 61, 72 na 75, palikuwa na elementi ambazo hazijapatikana.

Mwaka wa 1914 mwanakemia Mfaransa Georges Urbain alimpelekea Oxford sampuli aliyoamini ina elementi mpya, celtium. Kazi iliyokuwa imemchukua Urbain miaka mingi ilipata jibu katika muda wa siku chache: celtium haikuwemo.

Vita vilipozuka Moseley alikuwa safarini kuelekea mkutano wa wanasayansi nchini Australia, pamoja na mamake. Alirejea haraka na kushikilia aandikishwe katika kikosi cha wahandisi, ingawa angeweza kubaki maabarani. Mnamo Agosti 10, 1915, huko Gallipoli, Uturuki, akipitisha amri kwa simu, risasi ilimpata kichwani. Wosia wake uliiachia Royal Society mali yake. Kaburi lake halijulikani, ila jina limechongwa kwenye mnara wa Helles. Wapagazi wengi wa Afrika Mashariki walioangamia katika vita hivyo hawakupata hata hilo.

Elementi ya 72, hafni, ilitambuliwa mwaka wa 1923, na ya 75, reni, mwaka wa 1925, zote kwa eksirei. Teknesi, ya 43, ilifuata mwaka wa 1937, na promethi, ya 61, mwaka wa 1945. Nayo setilaiti Ariel 5, iliyorushwa Oktoba 15, 1974 kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ilinasa mstari wa chuma, nambari 26, katika gesi ya kundi la galaksi la Perseus.