Duncan Edwards, mtoto wa kartiye ya Priory

Kwa kawaida hapa tunaongea mambo ya mishahara, ya mikataba na ya usalama wa kazi. Leo tutaongea mpira. Lakini musishangae, mwishoni tutakuwa tumerudia ku mambo yetu yale yale.

Tunataka kuwaelezea maisha ya Duncan Edwards, mchezaji wa Manchester United na wa ekipi ya taifa ya Uingereza. Wazee wanaopenda mpira wanalijua jina lake. Vijana wengi wanajua tu kwamba ndeke ilianguka, naye akafa akiwa na miaka 21. Sisi hatuanzii ku ndeke. Tunaanzia nyumbani kwao, juu mchezaji hazaliwi ku kiwanja, anazaliwa katika nyumba ya baba na mama, katika mtaa wa watu.

Duncan alizaliwa tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka 1936, katika mji wa Dudley, katikati ya Uingereza. Ile sehemu watu wanaiita mpaka leo Nchi Nyeusi. Si kwa ajili ya rangi ya watu, ni kwa ajili ya makaa ya mawe na moshi. Chini ya udongo wake kulikuwa mkanda wa makaa wenye unene wa karibu mita 9, na wachimbaji waliufuata miaka na miaka mpaka ukakaribia kuisha. Kwa sababu ya makaa zilikuja tanuru za chuma, kisha viwanda vya minyororo na vya misumari. Wakati Duncan anazaliwa, mashimo mengi yalikuwa yamekwisha kufungwa, na kazi kubwa ilikuwa ya chuma. Baba yake, Gladstone Edwards, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. Maisha ya nyumba ambamo baba anatoka kwa saa ya kiwanda na kurudi kwa saa ya kiwanda, hayo hatuna haja ya kuwaelezea.

Duncan akiwa bado mdogo, wazazi wake walihamia ku kartiye ya Priory. Ni mtaa ambao serikali ya mji ilijenga mbele ya vita, ili kuwatoa watu katika nyumba za zamani zilizobanana na zilizooza. Nyumba za matofali, zinafanana, kila moja na kipande chake cha bustani, na watu wanalipa kodi kwa mji. Jirani wote ni wafanyakazi. Mtoto akifanya ubaya ku barabara ya pili, habari inafika kwa mama yake mbele yeye hajafika.

Vita vilipoanza mwaka 1939, Duncan hakuwa bado na miaka mitatu. Vilipoisha mwaka 1945, alikuwa karibu na miaka tisa. Kwa hiyo utoto wake tunaweza kusema ni utoto wa kisha vita. Musifikiri kwamba Uingereza, juu ilishinda, ilianza kula vizuri siku ile ile. Hapana. Kila jamaa ilikuwa na kitabu cha tikiti, na bila tikiti hupati sukari, hupati siagi, hupati nyama. Mkate, ambao wakati wa vita uliuzwa bila tikiti, uliwekewa tikiti mwaka 1946, vita vimekwisha. Bonbon za watoto zilikaa na tikiti paka mwaka 1953, na nyama paka mwaka 1954. Wale kati yetu ambao babu zao waliwaelezea mambo ya posho ya kampani watafahamu: mama anahesabu, anagawa, anaficha kidogo kwa ajili ya siku ya yenga.

Mwaka 1947 ulikuwa mgumu sana. Tarehe 1 mwezi wa kwanza, migodi ya makaa iliingia mikononi mwa serikali, na wachimbaji walishangilia, juu walikuwa wameipigania siku nyingi. Majuma machache kisha ile furaha, ilikuja baridi ambayo watu hawakuisahau. Theluji ilifunga njia na reli, makaa hayakufika, umeme ulikatwa, viwanda vikasimama na wafanyakazi wakabaki nyumbani. Ndani ya mwaka ule ule, jamaa ya Edwards ilipata kilio chake. Mtoto wao wa pili, msichana, alikufa akiwa na majuma 14 tu. Duncan akabaki mtoto mmoja. Tangu siku ile, kila kitu ambacho baba na mama walikitumaini kilikuwa juu ya mgongo wa kijana mmoja.

Alisoma shule ya msingi pale pale Priory, kisha akaingia shule ya sekondari ya Wolverhampton Street. Shule za namna ile zilikuwa za watoto wengi wa wafanyakazi. Wachache waliochaguliwa katika mtihani wa miaka 11 waliendelea na masomo marefu. Wengine walifundishwa paka miaka 15, kisha kiwandani. Ndiyo sheria mpya ya wakati ule, na mbele yake mtoto alikuwa anatoka na miaka 14.

Mchezo ulikuwa ku barabara na ku uwanja wa majani karibu na nyumba. Duncan alikuwa na mwili mkubwa, alicheza na wakubwa wake, na hawakumsukuma. Alipiga mpira na mguu wa kuume na wa kushoto sawasawa. Lakini kuna jambo moja ambalo tunalipenda sana: kijana huyu wa mapaja kama mti alikuwa pia mchezaji wa ngoma za kienyeji za Waingereza, zile za kucheza kwa mistari, na vitambaa na panga. Alichaguliwa kwenda ku mashindano ya ngoma ya nchi nzima. Siku ile ile akaitwa kujaribiwa ku ekipi ya mpira ya watoto wa shule wa Uingereza. Ikabidi achague. Akachagua mpira. Mwaka 1950, akiwa na miaka 13, alicheza Wembley, ekipi ya watoto wa shule wa Uingereza ikikutana na wale wa Wales.

Kisha hapo klabu kubwa zilianza kumtafuta. Wolverhampton Wanderers walikuwa karibu kabisa na nyumbani. Yeye alitaka Manchester United, na mwaka 1952 akaenda. Lakini musikie vile wazazi wafanyakazi wanafikiri: mpira unaweza kuvunja mguu, kwa hiyo kijana aliwekwa pia kujifunza useremala. Mpira ni bahati, mikono ni akiba.

Useremala haukuendelea. Tarehe 4 mwezi wa nne 1953, akiwa na miaka 16, alicheza mara ya kwanza ku ekipi kubwa, wakipambana na Cardiff City. Tarehe 2 mwezi wa nne 1955, akiwa na miaka 18, alivaa mara ya kwanza jezi ya Uingereza, na Scotland wakapigwa 7 kwa 2. Hakukuwa bado, kisha vita, kijana mdogo kama yeye aliyechezea Uingereza, na hiyo rekodi ilikaa paka mwaka 1998, wakati Michael Owen aliivunja. Mwaka 1956 kule Berlin, mbele ya Wajerumani waliokuwa na kombe la dunia, alipenya katikati yao na kufunga kwa shuti kali, na Uingereza ikashinda 3 kwa 1. Na Manchester United alipata ubingwa wa mwaka 1956 na wa mwaka 1957. Kwa jumla alicheza michezo 177 ya klabu na 18 ya taifa. Katikati ya hayo yote alifanya miaka miwili ya jeshi, sawa vijana wote wa wakati ule.

Sasa tuongee franga, juu hapa njo sendika inaingia. Wakati ule Uingereza ilikuwa na sheria ya mpira: hakuna mchezaji anayeweza kulipwa kupita kiasi kimoja. Katikati ya miaka ya 1950 kile kiasi kilikuwa paundi 15 kwa juma wakati wa mashindano, na kinashuka wakati wa mapumziko. Haikuzidi sana malipo ya fundi mzuri wa kiwanda. Ku viwanja walikuwa wanaingia watu elfu 40, elfu 50, wengi wao wakitoka kazini siku ya posho, kila mmoja amelipa mlangoni. Na mkataba ukiisha, mchezaji hawezi kuondoka kama klabu haimwachilii. Duncan Edwards, mmoja wa wachezaji bora wa dunia, alikuwa anakaa katika nyumba ya kupanga chumba na kupanda kinga. Usiku mmoja alikamatwa na polisi juu kinga yake haikuwa na taa. Hakimu alimlipisha amende ya shilingi tano, kisha klabu ikamkata mshahara wa majuma mawili. Watu wanaelezea hiyo habari wakicheka. Sisi tulicheka pia, kisha tukahesabu.

Tunafika ku mwezi wa pili 1958. Manchester United walicheza Belgrade kombe la Ulaya, wakatoka 3 kwa 3, wakapita. Siku ya kesho yake, siku ya kazi ine, tarehe 6, ndeke yao ilishuka Munich kuongeza mafuta. Theluji ilikuwa inaanguka. Siku ya posho walipaswa kucheza tena nyumbani, na Wolverhampton. Ndeke ilijaribu kuruka, mashine haikutoa sauti nzuri, wakaacha. Wakajaribu tena, wakaacha tena. Watu wakashuka. Duncan alifikiri kwamba kwa leo imekwisha, akatuma telegramu kwa mwenye nyumba yake Manchester kusema kwamba watarudi kesho. Fundi wa uwanja alieleza kwamba mashine inaweza kutengenezwa, lakini italala hapo. Kapiteni, akifikiria programu, aliona bora kujaribu mara ya tatu, na kuongeza nguvu ya mashine polepole. Watu wakaitwa, wakapanda.

Mwisho wa njia kulikuwa theluji iliyoyeyuka, kama matope ya barafu. Ndeke ilikuwa inakimbia vizuri, ikaingia mule, ikapoteza mwendo, ikapita uzio na kugonga nyumba. Ndani walikuwa watu 44. Waliokufa wote pamoja ni 23, na wanane kati yao ni wachezaji. Duncan alitolewa akiwa hai, miguu na mbavu zimevunjika, figo zimeharibika. Madaktari walimletea mashine ya kusafisha damu, na walishangaa kuona mwili unaoshindana namna ile. Alishindana siku 15. Alikufa tarehe 21, usiku. Telegramu yake ilikuwa imefika Manchester wakati ndeke imekwisha kuanguka.

Kisha lufu, wakubwa wa Ujerumani walisema kosa ni la kapiteni James Thain, kwamba hakusafisha barafu ku mabawa. Alipoteza kazi. Alipigana zaidi ya miaka kumi ili ijulikane kwamba kilichoizuia ndeke ni yale matope ya njia, na mwishoni uchunguzi wa Uingereza ulikubali. Na wachezaji wawili waliookoka, Jackie Blanchflower na Johnny Berry, hawakuweza kucheza tena kwa ajili ya majeraha. Nyumba walizokaa zilikuwa za klabu, na ilibidi wazitoke. Yule kati yenu anayelala katika nyumba ya kampani asome tena hapo.

Mshahara wa kiasi kimoja ulifutwa mwaka 1961, wakati sendika ya wachezaji, ikiongozwa na Jimmy Hill, ilikuwa tayari kugoma. Kamba ya mkataba ilianza kukatika mwaka 1963, kwa kesi ya George Eastham. Duncan angelikuwa na miaka 24 na 26.

Alizikwa Dudley, karibu na ndugu yake mdogo wa kike. Watu zaidi ya 5 000 walisimama ku barabara. Ku kanisa la Mtakatifu Fransisko, pale Priory, kuna dirisha la vioo vya rangi lenye sura yake, na ku soko ya mji waliweka sanamu yake mwaka 1999. Baba yake aliacha kazi ya chuma, akawa mtunza bustani wa makaburi yale yale. Watu walifikiri kwamba alitafuta ile kazi juu mwana wake analala pale. Yeye alikuwa amependa maua tangu zamani.

Wandugu, sisi hatukuandika haya ili watoto waogope ndeke. Tuliandika juu ya ile mara ya tatu. Mwenzetu akisema shimo halijakuwa sawa, na kapita anaangalia programu, mukumbuke kwamba huyu kijana alikuwa na nguvu kuwapita wote, na nguvu haikumlinda. Ikikataa mara mbili, tulale. Watoto wa Priory walikuwa na haki ya kuona Duncan anazeeka, na watoto wetu wana haki hiyo hiyo kwa baba zao.