Sheikh Al-Amin bin Ali na Kuamka kwa Moyo

Ndugu zetu Waislamu, apitaye Mbaraki huuona mnara wa mawe na chokaa uliosimama kando ya msikiti. Msikiti wa mahali hapo asili yake ni ya karne ya 15. Baadaye ukaachwa, na watu wakawa wakienda mnarani na ubani na marashi kumwomba jini haja zao. Leo msikiti umejengwa upya na sala husaliwa. Mnara ni ule ule, lakini wanaoutazama hawauoni namna moja. Basi twajiuliza: moyo uamkapo, je, akili nayo hugeuka hata mtu akauona ulimwengu kwa sura nyingine? Jawabu twaitafuta katika maisha ya mwana wa mji wetu, marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika nyumba ya ilimu. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali. Kisha akasoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Kwa hivyo hakuwa jahili aliyeongoka ghafula, wala hatusimulii kwamba alitokewa na nuru usiku. Vitabu alikuwa navyo tangu utotoni. Kilichomjia ni namna nyingine ya kutazama.

Hayo yalimjia khasa kwa kusoma maandishi ya Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, na jarida la Al-Manar alilolianzisha Sayyid Rashid Rida huko Cairo mwaka 1898. Zama hizo pwani ilikuwa chini ya Waingereza, na Waislamu walikuwa wakiachwa nyuma katika elimu na mali. Wengi waliudhani unyonge huo kuwa ni kudra isiyo dawa. Yeye akauona kuwa ni matunda ya ujinga, uvivu na israfu zetu wenyewe, na maradhi yenye sababu yana tiba.

Mwaka 1930 akatoa Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah. Aliandika kwa Kiswahili, lugha ya majumbani na barazani, akikemea bidaa na gharama za arusi na matanga, na akihimiza elimu, ya wasichana pia. Hayakuwa maneno mepesi kuyasikia kwa watu waliozizoea dasturi za wazee wao.

Wataalamu wa siku hizi wametubainishia kwamba ubongo haukomi kubadilika mtu akishakuwa mzima. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000 juu ya madereva wa teksi wa London ulionyesha kuwa sehemu moja ya ubongo inayohusika na kukumbuka njia ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine, na ilizidi kwa kadiri ya miaka ya kazi. Ikiwa kuzijua njia za mji kwafungamana na mabadiliko kichwani, si ajabu miaka ya sala, kusoma na kutafakari nayo ikaacha alama yake. Lakini hakuna chombo kipimacho ukweli wa moyo. Hilo twalijua kwa amali.

Na amali za Sheikh zinajulikana. Alishika ukadhi wa Mombasa mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937 hadi kufa kwake mwaka 1947. Wanafunzi wake Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy wakaja kukikalia kiti hicho hicho.

Basi mtu akituambia kuwa ameamka, tusimuulize alichokiona ndotoni. Tutazame mtoto wake akiugua: je, atampeleka kwa tabibu huku akimwomba Mola wake, au atachukua chupa ya marashi aende mnarani? Na swali hilo tuanze kujiuliza sisi wenyewe. Mwenyezi Mungu atufumbue macho. Amin.