Philipp Melanchthon, Mwalimu Aliyepanga Masomo ya Watoto

Jina la Martin Luther mnalijua nyote, maana Katekisimo yake Ndogo mliikariri kabla ya kupata Kipaimara. Lakini jina la rafiki yake Philipp Melanchthon wengi hulisikia kwa nadra, ingawa ndiye aliyeandika Ungamo la Augsburg ambalo Kanisa letu husimama juu yake. Leo twataka kuwasimulia habari zake, hasa zile zihusuzo masomo ya watoto. Kwa maana hapa Mhunze na katika vijiji vinavyotuzunguka wazazi hutuuliza wawafundishe nini watoto wao nyumbani, kwa vitabu gani na kwa saa zipi. Wengine wamesikia kwamba wako Wakristo wa nchi za mbali wanaowafundisha watoto wao nyumbani hata lugha ya Kilatini, nao wataka kujua kama jambo hilo latufaa sisi. Maisha ya mtu huyu yatatupa jibu zuri.

Philipp alizaliwa tarehe 16 Februari 1497 katika mji mdogo wa Bretten, upande wa kusini wa Ujerumani. Jina la ukoo wake lilikuwa Schwarzerdt, maana yake udongo mweusi. Nasi tukaao katika mbuga za udongo mweusi za Kishapu hatutalisahau jina hilo. Baba yake alikuwa mhunzi wa silaha katika utumishi wa mtawala wa nchi. Malezi ya watoto yaliangaliwa sana na babu mzaa mama, mzee Johann Reuter, mfanyabiashara aliyepata kuwa mkuu wa mji.

Katika mji ule palikuwa na shule, lakini mwalimu wake alikuwa amepatwa na ugonjwa mbaya wa kuambukiza, na mzee Reuter akaogopa kuwapeleka wajukuu wake huko. Hata hivyo hakukubali wakae bila elimu. Alimtafuta kijana mmoja, Johannes Unger, akamweka nyumbani mwake awafundishe Philipp na ndugu yake mdogo Georg pamoja na watoto wengine wachache. Hivyo mtu ambaye baadaye aliitwa Mwalimu wa Ujerumani alianza Kilatini chake nyumbani kwa babu yake.

Unger alichukua mashairi ya Baptista Mantuanus, mtawa wa Italia, akampa mtoto mistari michache tu kwa wakati mmoja. Kila neno mtoto alipaswa kulieleza: ni neno la namna gani, na kwa nini limewekwa pale. Alipokosea alichapwa, lakini kwa kiasi. Melanchthon alipokuwa mtu mzima alimkumbuka mwalimu huyo kwa upendo mwingi, akisimulia kwamba walipendana kama baba na mwana. Kilichomjenga mtoto huyu kilikuwa mistari michache iliyofahamiwa kabisa, na mwalimu aliyempenda.

Mwaka 1508 babu na baba walifariki wote wawili katika muda wa siku chache. Philipp akapelekwa Pforzheim, penye shule nzuri ya Kilatini, akakaa kwa ndugu wa kike wa Johannes Reuchlin, mtaalamu mkubwa wa Kiyunani na Kiebrania. Reuchlin aliuona uwezo wa kijana, akampa sarufi ya Kiyunani, na mwaka 1509 akalitafsiri jina lake kwa Kiyunani. Tangu hapo akaitwa Melanchthon. Mwaka ule ule aliingia chuo kikuu cha Heidelberg, na mwaka 1512 akaenda Tübingen, alikopata shahada ya umahiri mwaka 1514, hali hajatimiza miaka kumi na saba.

Mwezi wa Agosti 1518 alifika Wittenberg kufundisha Kiyunani. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mfupi, mwembamba, na watu walipomwona mara ya kwanza walimdharau. Lakini siku chache baadaye alitoa hotuba yake juu ya kutengeneza upya masomo ya vijana, akaonyesha kwamba lazima kurudi kwenye vitabu vya asili na lugha zake, na Luther akafurahi mno. Toka siku hiyo wawili hawa walifanya kazi pamoja.

Haukupita muda mrefu Melanchthon akaona kwamba vijana wengi wafikao chuoni hawana msingi. Basi akafungua shule nyumbani mwake mwenyewe, akaiendesha kwa muda wa miaka kumi hivi. Wanafunzi walikaa kwake, wakala mezani pake, wakajifunza Kilatini na sala chini ya macho yake. Walicheza michezo ya kuigiza ya waandishi wa kale wa Kirumi, na aliyewashinda wenzake katika kutunga mashairi ya Kilatini alifanywa mfalme wa nyumba. Sarufi ya Kilatini aliyoitengeneza kwa ajili ya kufundisha ilichapishwa, ikatumika katika shule nyingi muda mrefu baada ya kufa kwake.

Lakini wakati huo huo hatari kubwa ilikuwa imetokea. Mwisho wa mwaka 1521 walifika Wittenberg watu kutoka Zwickau waliojiita manabii, na wengine mjini wakaanza kuhubiri kwamba elimu haina haja, kwa kuwa Roho hufundisha bila vitabu. Shule ya wavulana ya mji ikafungwa. Melanchthon mwenyewe alifadhaika, asijue la kufanya, hata Luther aliporudi mwezi wa Machi 1522 na kuwatuliza watu. Kisha mwaka 1527 Melanchthon alitumwa pamoja na wenzake kuzikagua sharika za Thuringia. Walikuta wachungaji wasioweza kufundisha na watu wasiojua hata sehemu kuu za imani. Injili ilikuwa imepatikana tena, lakini ingepotea mara ya pili kama pasingekuwa na watu wa kuisoma na kuieleza. Hapo ndipo Luther alipoona haja ya katekisimo, akaziandika zote mbili mwaka 1529. Na hapo ndipo Melanchthon alipoandika mwongozo wa wakaguzi, uliochapishwa mwaka 1528, wenye sura nzima juu ya shule.

Twaomba mwitazame sura hiyo vizuri. Aliweka kwanza makatazo mawili. Walimu wasifundishe Kijerumani, Kilatini, Kiyunani na Kiebrania vyote pamoja, bali Kilatini tu. Na wasiwalemeze watoto kwa vitabu vingi. Tukumbuke kwamba huyu ni mtaalamu wa Kiyunani, akikiondoa Kiyunani katika ratiba ya watoto! Hakukidharau, ila alijua kwamba mtoto apewaye lugha nne kwa siku moja hatashika hata moja.

Kisha akawagawa watoto katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni wale wanaoanza kusoma. Hao wapewe kijitabu chenye alfabeti, Sala ya Bwana na Imani, halafu vitabu viwili vidogo vya Kilatini, Donatus na Cato, wavipitie mara nyingi mpaka vizoeleke. Kila siku waandike na kumwonyesha mwalimu, na kila jioni wapewe maneno machache ya kukariri. Kundi la pili ni wale waliokwisha kujua kusoma. Saa ya kwanza baada ya adhuhuri wote waimbe. Baadaye wasome ngano za Aesop. Saa ya kabla ya adhuhuri iwe ya sarufi, na kanuni zake zikaririwe. Mwalimu atakayeichukia kazi hiyo ya kurudiarudia, aondolewe na kutafutwa mwingine. Kundi la tatu ni wale waliokwisha kuimarika katika sarufi. Ndio watakaosoma Virgil, Ovid na Cicero, na kujifunza kanuni za hoja na ufasaha.

Siku moja katika juma, Jumatano au Jumamosi, aliitenga kwa mafundisho ya Kikristo: Sala ya Bwana, Imani, Amri Kumi, zaburi zilizo nyepesi, na Injili ya Mathayo. Akaonya kwamba wako walimu wasiofundisha neno lolote la Maandiko, na wengine wasiofundisha kitu ila Maandiko tu. Na wote wawili hawafai.

Mpango huo uliwalenga wavulana wa shule za Kilatini. Lakini mwaka ule ule wa 1528 rafiki yao Johannes Bugenhagen aliupangia mji wa Braunschweig shule, akaweka na shule za wasichana. Basi mtu asichukue kazi ya Melanchthon kuwa sababu ya kumwacha binti nje ya masomo.

Mwaka 1530 aliandika Ungamo lililosomwa mbele ya Kaisari Karolo wa Tano huko Augsburg tarehe 25 Juni. Hata baada ya kazi hiyo kubwa aliendelea kufundisha. Hakubarikiwa kuwa mchungaji kamwe. Lakini kwa miaka mingi siku za Jumapili aliwaeleza Injili kwa Kilatini wanafunzi wageni wasiofahamu mahubiri ya Kijerumani. Alifariki tarehe 19 Aprili 1560, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, akazikwa karibu na Luther katika kanisa la ngome la Wittenberg.

Hata sisi wa Afrika ya Mashariki tumekula matunda ya shule za namna ile. Johann Ludwig Krapf, mwana wa mkulima, aliyezaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen karibu na Tübingen, alisoma Kilatini katika mji ule ule aliosoma Melanchthon. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kikapigwa chapa huko Tübingen. Kiswahili si Kilatini, na ngeli zetu hazimo katika Donatus. Lakini mtu aliyezoezwa tangu ujana kuuliza kila neno kazi yake alijua jinsi ya kukisikiliza Kiswahili.

Sasa turudi Mhunze. Je, tuwafundishe watoto wetu Kilatini nyumbani? Melanchthon alichagua Kilatini kwa sababu siku zile kilikuwa mlango wa elimu yote. Vitabu vya sheria, vya uganga na vya theolojia viliandikwa kwacho. Mtoto wa hapa asemaye Kisukuma kwa mama yake, mlango wake wa kwanza ni Kiswahili safi, akisome na kukiandika bila kukwaa. Na Kiingereza kitafuata kwa ajili ya masomo ya mbele. Nyumba iliyo na mwalimu ajuaye Kilatini, na mtoto aliyekwisha kuimarika, isizuiliwe. Lakini kununua vitabu vya Kilatini pasipo mwalimu, hali mtoto hajui kueleza sentensi moja ya Kiswahili, ni kuezeka nyumba isiyo na kuta.

Twawashauri basi wazazi na wainjilisti wenzetu. Masomo ya nyumbani hayaondoi shule, bali huitegemeza. Chagueni vitabu viwili au vitatu, mvirudie mpaka vimekaa moyoni. Jioni, ng'ombe wakiisha kurudi zizini, nusu saa yatosha: mistari michache isomwe, kila neno lielezwe, maneno machache yakaririwe na kuulizwa asubuhi. Wimbo usikose. Siku moja ya juma iwe ya katekisimo. Wakati wa kuvuna pamba kazi ikizidi, punguzeni masomo wala msiyaache, kwa maana kamba hukatika pale ilipolegea. Na asiyejua kusoma amtafute jirani ajuaye, kama mzee Reuter alivyomtafuta Unger, na watoto wa nyumba tatu nne wakae pamoja.

Mzee yule wa Bretten hakujua kwamba anamlea mwandishi wa Ungamo la Kanisa. Alijua tu kwamba wajukuu wake wasikose mwalimu. Mungu awape wazee wa sharika zetu moyo huo.