Christina Foyle: Mwanamke Aliyewaketisha Mwandishi na Msomaji Meza Moja

Utangulizi

Kitabu kikishatoka mtamboni huwa kimezaliwa, lakini hakijaanza kuishi. Uhai wake humtegemea msomaji, na baina ya msomaji na mwandishi pana mkondo mpana ambao wengi hawajapata kuuvuka. Mwandishi huandika peke yake chumbani, naye msomaji husoma peke yake kwake. Wawili hawa huweza kuishi katika mji mmoja miaka na mikaka wasionane uso kwa uso. Makala haya yanamzungumzia mja mmoja aliyeamua kuwakutanisha kwa kuwaandalia chakula cha mchana, akaudumisha mkutano huo kwa takriban miaka 70. Jina lake ni Christina Foyle, muuza vitabu wa London, Uingereza.

Huenda msomaji wetu akajiuliza maisha ya muuza vitabu wa Uingereza yanamfaa nini mwanafunzi wa Kiswahili. Yanamfaa kwa kuwa sisi nasi tuna waandishi, tuna hafla za uzinduzi, na tuna malalamiko yasiyokwisha kwamba vitabu vyetu havisomwi. Yaliyomfanikisha Christina ni funzo kwetu, na yaliyomkwaza pia ni funzo. Kwa sababu hiyo hatutaishia kumsifu, tutayatazama maisha yake pande zote mbili.

Kuzaliwa na Malezi

Christina alizaliwa London mwaka wa 1911. Babake, William Foyle, na ami yake, Gilbert, walikuwa vijana walioanguka mtihani wa kuajiriwa katika utumishi wa serikali. Walipoanguka, walitangaza kwamba wanaviuza vitabu walivyokuwa wakidurusu. Maombi ya wanunuzi yalikuwa mengi kuliko walivyotarajia, nao wakang'amua kwamba palikuwa na riziki katika vitabu vilivyokwisha kutumika. Hivyo ndivyo ilivyoanza biashara ya Foyles mwaka wa 1903. Wahenga walisema kwamba kuteleza si kuanguka. Kwa ndugu hawa wawili, hata kuanguka kwenyewe kulikuwa mlango wa kheri.

Baadaye duka lilihamia barabara ya Charing Cross, barabara ambayo jina lake lilikuja kuwa sawa na biashara ya vitabu. Lilipanuka mwaka baada ya mwaka hadi likaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa urefu wa rafu zake, zilizokadiriwa kufika kilomita 48 zikiunganishwa. Mtoto aliyelelewa katika nyumba kama hiyo hakuwa na budi kuinukia vitabuni. Christina alipelekwa kusoma Uswisi, na aliporudi akaanza kazi katika duka la babake mwaka wa 1928, akiwa na umri wa miaka 17.

Kuna kisa cha siku hizo ambacho kimesimuliwa mara nyingi. Mzee mmoja aliingia dukani akamwomba msichana huyo amchagulie kitabu cha kusoma safarini. Christina akampa riwaya ya The Forsyte Saga, akiisifu kwa moyo wake wote. Mzee akalipa, akaondoka. Baada ya muda alirejea, akamkabidhi kitabu kile kile kikiwa na maandishi ya shukrani na sahihi ya mtunzi wake, John Galsworthy. Mnunuzi alikuwa ndiye mwandishi! Msomaji wa kawaida angeishi maisha yake yote bila kukutwa na bahati kama hiyo. Binti wa mwenye duka alikutana na waandishi kwa sababu tu alisimama mahali walipopita. Swali lililobaki ni jinsi ya kuwafikishia wengine bahati hiyo.

Chimbuko la Chakula cha Wanafasihi

Jibu la Christina lilikuwa jepesi kiasi cha kushangaza. Alipendekeza watu waalikwe kula chakula cha mchana pamoja na mwandishi, na baada ya kula wamsikilize akizungumza. Mnamo Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 19, aliandaa chakula cha kwanza katika mkahawa wa Holborn jijini London. Mpango huo ulipokewa vizuri, na punde si punde ukawa desturi. Baadaye karamu hizo zilifanyika katika hoteli kubwa za jiji kama vile Grosvenor House na Dorchester.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mbele ya ukumbi paliwekwa meza kuu, ambapo waliketi mgeni wa heshima, mwenyekiti wa hafla, na watu mashuhuri walioalikwa kumsindikiza. Wengine wote waliketi kwenye meza zilizoenea ukumbini. Hawa hawakuwa wateule wa serikali wala maprofesa. Yeyote aliyeweza kununua tikiti aliingia. Chakula kikishaliwa, mwenyekiti alimkaribisha mwandishi, naye mwandishi alisimama akazungumza juu ya kitabu chake kipya, kazi yake au jambo lililomkera moyoni. Kisha nakala ziliuzwa na kutiwa sahihi. Mtu aliyeingia ukumbini akilijua jina tu alitoka akiijua sauti, sura na tabia ya mwenye jina, na mara nyingi alitoka na kitabu mkononi.

Biashara ilikuwamo, na hapana haja ya kuificha. Christina alikuwa mfanyabiashara binti wa mfanyabiashara, na alijua kwamba mtu akishamsikia mwandishi hutaka kumsoma. Hata hivyo, faida ya duka na faida ya fasihi zilikwenda sambamba. Inakadiriwa kwamba katika maisha yake aliandaa karamu zaidi ya 700, zikahutubiwa na waandishi wapatao 1,000 na kuhudhuriwa na watu zaidi ya nusu milioni.

Wageni wa Meza Kuu

Orodha ya waliopita katika meza hiyo ni kama muhtasari wa historia ya karne ya ishirini. Walikuwamo George Bernard Shaw, H. G. Wells, J. B. Priestley na Evelyn Waugh miongoni mwa waandishi. Walikuwamo pia viongozi wa mataifa kama Jenerali Charles de Gaulle wa Ufaransa na Mfalme Haile Selassie wa Uhabeshi. Kwa Christina, aliyekuwa na jambo la kuwaambia watu alistahili kuketi mezani, awe mshairi au mtawala.

Si kila hotuba iliyofana. Tarehe 23 Aprili 1964, siku ya kuadhimisha miaka 400 tangu kuzaliwa kwa Shakespeare, mgeni wa heshima katika hoteli ya Dorchester alikuwa John Lennon wa kundi la Beatles. Kijana huyo alikuwa ametoa kitabu chake cha kwanza, In His Own Write, mwezi uliotangulia. Tikiti ziligombaniwa na ukumbi ukafurika watu waliotaka kumsikia. Wakati ulipofika, Lennon alisimama, akatamka maneno machache ya shukrani yasiyotimia hata dakika moja, akaketi. Waliokuja kusikiliza hotuba waliduwaa.

Tukio hili limekuwa kichekesho katika masimulizi ya London, lakini linatufunza jambo. Kuandika ni ufundi na kuzungumza ni ufundi mwingine. Yupo mwandishi ambaye kalamu yake ni upanga ilhali ulimi wake ni mzito, na yupo mwenye ulimi wa asali ambaye kitabu chake hakina ladha. Anayeandaa mkutano wa mwandishi na wasomaji hubahatisha kila mara. Sifa ya Christina ni kwamba hakuvunjika moyo kwa siku moja iliyoharibika. Mwezi uliofuata meza iliandikwa tena.

Duka Lililozeeka

Christina aliolewa na Ronald Batty mwaka wa 1938, naye mumewe akawa mshirika wake katika kazi ya duka. Hawakujaaliwa watoto. Babake alipofariki mwaka wa 1963, uongozi wa Foyles ukawa mikononi mwa binti, na hapa ndipo sura ya pili ya maisha yake inapojitokeza.

Mwenyeji huyu mkarimu wa karamu alikuwa mwajiri mgumu. Mishahara ilikuwa midogo na wafanyakazi wengi waliachishwa kazi kabla hawajazoea rafu walizopewa. Mwaka wa 1965 waligoma. Duka lenyewe lilikuwa fumbo kwa mteja. Vitabu vilipangwa kwa majina ya wachapishaji, hivi kwamba aliyetafuta riwaya ya mtunzi fulani alilazimika kwanza kujua ni nani aliyeichapisha. Akikipata kitabu, alipanga foleni ya kwanza kukikabidhi na kupewa hati ya bei, akaenda foleni ya pili kulipa kwa mtunza fedha aliyeketi ndani ya kibanda, kisha akarudi foleni ya tatu kukichukua. Mashine za kisasa za kuhesabia fedha hazikutakiwa, na maagizo ya simu hayakupokewa. Mambo yalifika hadi ya duka shindani kubandika tangazo kwenye kituo cha basi mkabala na Foyles, likiwakejeli waliochoshwa na foleni hizo na kuwakaribisha kwingine.

Hapa ndipo penye kitendawili cha maisha ya Christina Foyle. Ukumbini alifupisha safari ya msomaji kumfikia mwandishi. Dukani aliirefusha safari ya msomaji kukifikia kitabu. Huku alitandika meza, kule aliweka vizuizi. Mtu aliyevutiwa na hotuba ya mwandishi huko Dorchester, akaamua kutafuta vitabu vyake vya awali katika Charing Cross, angeweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Wapo waliomtetea kwa kusema kwamba duka lile la ajabu lilikuwa na haiba yake, na kwamba mpenda vitabu aliweza kupotea humo akaibuka na hazina asiyoitarajia. Utetezi huo una ukweli, lakini haumfuti mfanyakazi aliyefutwa bila kosa wala mteja aliyekata tamaa katika foleni ya tatu.

Alichokiacha

Mumewe alitangulia mbele ya haki mwaka wa 1994. Christina mwenyewe aliaga dunia mwezi wa Juni 1999 akiwa na umri wa miaka 88, katika makazi yake ya Beeleigh Abbey huko Essex. Aliacha mali ya takriban pauni milioni 59, na sehemu kubwa ya mali hiyo ikawa msingi wa wakfu uliobeba jina la Foyle. Wakfu huo ulitoa misaada kwa sanaa na elimu, zikiwamo maktaba za shule, na uliitegemeza tuzo ya washairi chipukizi wa umri wa miaka 11 hadi 17. Jamaa zake waliolirithi duka waliondoa foleni tatu na kulifanya la kisasa. Mwaka wa 2014 Foyles ilihamia jengo jingine katika barabara hiyo hiyo, na mwaka wa 2018 ikanunuliwa na kampuni ya Waterstones. Biashara ikawa imetoka mikononi mwa ukoo baada ya miaka 115.

Hitimisho

Wapenzi wa Kiswahili hawakuhitaji kwenda London kujifunza kwamba mtunzi hukabili hadhira yake. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalivuma Mombasa kwa vinywa vya watu kabla hayajakusanywa na kuandikwa, na tenzi za mwambao zilitungwa zikasomwe kwa sauti mbele ya waliokusanyika. Kilichofanywa na Christina ni kuurudisha mkusanyiko huo katika zama za kitabu kilichochapishwa, ambapo mtunzi na hadhira walikuwa wametengwa na karatasi.

Sisi tulio vyuoni tungefanya vyema kuipima mizani yetu. Katika hafla nyingi za uzinduzi, mgeni wa heshima huzungumza saa nzima, wafadhili hushukuriwa mmoja mmoja, na mwandishi hupewa dakika tano kabla ya watu kuondoka. Meza kuu huwepo, lakini anayestahili kuisimamia husukumwa pembeni. Christina alimpa mwandishi ukumbi na muda. Hilo twaweza kuliiga hata bila hoteli ya kifahari: ukumbi wa mihadhara, chai, na mwandishi mmoja aliyealikwa na chama cha wanafunzi vinatosha.

Lakini tukiiga meza yake tusiige rafu zake. Uzinduzi ukifana, mwanafunzi aliyetoka na hamu ya kusoma akazunguka maduka ya mji mzima asikipate kitabu, hafla ile itakuwa imemfaa nani? Karamu ni mwaliko, na mwaliko huwa na maana iwapo mlango wa nyumba uko wazi. Christina Foyle aliujua mwaliko kuliko muuza vitabu yeyote wa zama zake, na katika nusu ya pili ya maisha yake akausahau mlango. Atakayeyakumbuka yote mawili atakuwa amewahudumia mwandishi na msomaji ipasavyo.