Jenerali China: Mfungwa Aliyekabidhiwa Vijana wa Taifa

Kila ifikapo Oktoba, Siku ya Mashujaa inapokaribia, wanafunzi wetu huanza kukariri majina ya wapiganiaji wa uhuru. Katika Kaunti ya Nyeri orodha hiyo ni ndefu, na jina la Waruhiu Itote, aliyejulikana zaidi kama Jenerali China, halikosekani humo. La kusikitisha ni kwamba masimulizi mengi juu yake huishia msituni. Mwanafunzi humaliza somo akijua kwamba mtu huyu alipigana, akakamatwa, akahukumiwa. Asijue alifanya nini katika miaka thelathini ya maisha yake ya mwisho. Mimi ni mwalimu, mkazi wa Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, nami nashikilia kwamba sehemu hiyo isiyosimuliwa ndiyo yenye funzo kubwa zaidi kwetu leo.

Itote alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Kaheti, Mukurwe-ini, katika familia ya wakulima. Shule aliiona, lakini hakukaa humo muda wa kutosha kumpatia cheti cha kujivunia. Mwaka 1939 aliteremka Nairobi kutafuta riziki, akajaribu biashara ndogo pamoja na wenzake, akagundua upesi kwamba kanuni za mji wa kikoloni hazikukusudiwa kumstawisha mfanyabiashara Mwafrika. Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la King's African Rifles, akapelekwa Ceylon na baadaye Burma kupigana na Wajapani. Huko alipanda hadi cheo cha koplo, akajifunza vita vya msituni, na akaona kwa macho yake kwamba risasi haichagui rangi ya ngozi.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari hao walirejea katika nchi iliyokuwa haina nafasi yao. Kazi aliyoipata Itote ilikuwa ya kuchochea tanuri la garimoshi katika shirika la reli. Wengi hawakupata hata hiyo, na wengine walirudi wakiwa wamepoteza macho. Ni kwa ajili ya askari waliopofuka vitani ndipo Jeshi la Wokovu lilipoanzisha huko Thika, mwaka 1946, kituo kilichokuja kuwa shule ya kwanza ya wasioona katika Afrika Mashariki. Naomba msomaji aliweke jambo hilo akilini, maana hapo chini nitalihitaji.

Itote aliingia katika siasa kupitia chama cha KAU, akala kiapo mwaka 1950, na mwaka 1952 akaingia msitu wa Mlima Kenya, ambako aliongoza wapiganaji wa upande huo huku Dedan Kimathi na Stanley Mathenge wakiwa Nyandarua. Tarehe 15 Januari 1954 alipigwa risasi shingoni, akakamatwa. Baada ya kuhojiwa kwa muda mrefu na afisa wa polisi Ian Henderson, alifikishwa mahakamani hapa Nyeri mwezi Februari, akahukumiwa kunyongwa. Hukumu hiyo haikuwa tishio tupu. Katika miaka ya Hali ya Hatari, Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa. Kimathi mwenyewe, ambaye naye kesi yake ilisikizwa Nyeri, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Itote alinusurika kwa sababu alikubali kuwa daraja la mazungumzo kati ya serikali na wenzake waliobaki msituni. Mazungumzo hayo yalivunjika mwezi Aprili mwaka huohuo. Wapo waliomlaumu kwa hatua hiyo, na wanahistoria wataendelea kuipima. Mimi nataka tutazame matokeo yake: mtu aliyekuwa amehesabiwa miongoni mwa wafu alibadilishiwa hukumu ikawa kifungo, akapelekwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana.

Huko Lokitaung alikutana na Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria. Ndani ya gereza hilo Kenyatta alimfundisha Itote lugha ya Kiingereza. Hebu tulipime jambo hili kama walimu. Hapakuwa na darasa, wala mtaala, wala mtihani wa taifa. Palikuwa na mwalimu mmoja aliyefungwa, mwanafunzi mmoja aliyefungwa, na muda mwingi. Mwanafunzi huyo ambaye shule haikummaliza alitoka akaja kuandika vitabu viwili juu ya vita alivyopigana, kimoja kikachapishwa mwaka 1967 na kingine mwaka 1979. Leo mtafiti wa historia ya Mau Mau hawezi kuvipita vitabu hivyo bila kuvisoma. Anayesema gerezani hakusomeki na akumbuke Lokitaung.

Itote aliachiliwa mwaka 1962. Uhuru ulipowadia, serikali mpya ingeweza kumpa kipande cha ardhi na kumsahau, kama ilivyowasahau maelfu ya wenzake. Badala yake alipelekwa Israeli kupata mafunzo ya uafisa, kisha akateuliwa msaidizi wa mkurugenzi katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, iliyoundwa mwaka 1964. Chombo hicho kilikusudiwa kuwachukua vijana wasio na shule wala kazi, wakiwamo wale ambao Hali ya Hatari ilikuwa imewakatizia masomo, kiwape nidhamu, kazi ya kulijenga taifa, na ufundi wa mikono: useremala, uashi, umakanika. Itote alikitumikia hadi alipostaafu mwaka 1984. Alifariki mwaka 1993.

Mkurugenzi aliyekuwa juu yake ni Geoffrey Griffin, mzaliwa wa Eldoret, ambaye wengi wanamjua kama mwanzilishi wa shule ya Starehe. Griffin alikuwa amehudumu katika majeshi ya upande wa pili wa vita vile. Hata hivyo, kabla ya uhuru alikuwa amewashughulikia wavulana waliozuiliwa Manyani, na tangu mwaka 1955 akawa katika kambi ya vijana ya Wamumu, ng'ambo hii ya Mlima Kenya katika Kirinyaga ya leo, ambako wavulana hao walisomeshwa na kufundishwa kazi. Basi NYS ya mwanzo iliongozwa na watu wawili waliokuwa pande mbili za bunduki, mmoja akiwa amefundisha wafungwa na mwingine akiwa amefundishwa akiwa mfungwa. Wote wawili walijua jambo ambalo halikuhitaji kuhubiriwa kwao: kwamba kijana hapaswi kupimwa kwa siku yake iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Sasa tuje kwetu. Matangazo ya kuandikisha makurutu wa NYS yaliyotolewa miaka ya karibuni yamekuwa yakimtaka kijana mwenye mwili timamu na asiye na rekodi ya jinai. Masharti hayo yana sababu zake, kwani mafunzo ya paredi ni magumu na usalama ni jambo la kuzingatiwa. Lakini yalinganishe na maisha niliyoyaeleza. Koplo Itote, mwenye hukumu ya kifo katika faili lake na kovu la risasi shingoni, angefika kwenye lango la chombo kilekile alichokisaidia kusimama, akarudishwa nyumbani. Wangerudi pamoja naye wale wenzake wa Burma waliopofuka. Makundi mawili niliyokusudia kuyazungumzia leo, waliotoka gerezani na wenye ulemavu, yamesimama nje ya lango moja.

Tutajibiwa kwamba yapo malango mengine, na ni kweli. Katika magereza yetu, likiwamo gereza kuu la King'ong'o hapa Nyeri, wafungwa hufundishwa kazi za mikono, na wapo wanaofanyiwa mitihani ya ufundi inayotambuliwa na serikali. Idara ya urekebishaji wa tabia huwapa baadhi ya waliofunguliwa vifaa vya kuanzia kazi. Kwa wenye ulemavu viko vyuo vya ufundi kama kile cha wasioona cha Machakos, cha viziwi cha Karen, na vile vya Sikri na Nyang'oma upande wa Nyanza. Sheria ya mwaka 2003 iliunda baraza na hazina ya kuwasaidia watu wenye ulemavu, na Bunge limeifanyia mapitio makubwa mwaka 2025. Tangu mwaka 2013, asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Basi kasoro i wapi? Kwa maoni yangu, iko katika namna ruzuku inavyotembea. Fedha za umma humfuata mwanafunzi aliyesajiliwa chuoni. Tangu mwaka 2018, kwa miaka kadhaa, ada ya chuo cha ufundi cha umma ilikuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, serikali ikilipa 30,000 na salio likiweza kukopwa. Mpango huo uliwaingiza vyuoni vijana wengi ambao wasingefika huko, nami naupongeza. Lakini kiasi kimoja kwa wote huonekana kuwa haki mpaka utazame mahitaji. Msichana kiziwi anayejifunza ushonaji anahitaji mkalimani wa lugha ya ishara darasani. Kijana asiyeona anahitaji mashine ya Braille, na mara nyingi mtu wa kumwongoza mpaka aizoee njia. Ruzuku isiyohesabu gharama hizo humfungulia mlango kisha humwacha kizingitini.

Aliyetoka gerezani naye ana kikwazo chake. Ujuzi huenda anao tayari. Anachokosa ni ada ya mtihani, randa na msumeno wake mwenyewe, mdhamini wa kumtilia sahihi akopapo, na mwajiri asiyeanza kwa kuuliza cheti cha polisi. Seremala asiye na randa ni mtu mwenye mikono miwili tu. Akikaa miezi sita hivyo, atarudi kwa wale waliompoteza, nasi tutasema tabia haina dawa.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, ruzuku ya mafunzo imfuate mtu popote anapofundishiwa, awe chuoni, karakana ya gerezani au kwa fundi wa mtaani anayetambulika, mradi mwisho wake uwe mtihani halali. Pili, ihesabiwe kwa uzito wa mahitaji, ili mwenye ulemavu asilipishwe kwa kuwa na ulemavu. Tatu, isiishie siku ya cheti; sehemu yake iwe ya vifaa na ya miezi ya kwanza ya kazi, kwa maana hapo ndipo wengi huanguka. Kaunti, ambazo chini ya katiba ya mwaka 2010 ndizo zenye kusimamia vyuo vya ufundi vya mitaani, zinaweza kuanza bila kungoja Nairobi.

Najua pingamizi litakalokuja. Mzazi maskini wa Gatitu, ambaye mwanawe hajavunja sheria yoyote na bado amekosa karo, atauliza kwa nini mwizi wa jana atangulizwe. Swali hilo ni la haki, nami silidharau. Jibu langu ni kwamba mfungwa tayari anatumia fedha za mzazi huyo. Anakula, analala na analindwa kwa kodi. Tofauti ni moja tu: fedha hizo zimnunulie ujuzi mara moja, au zimnunulie chakula cha gerezani tena na tena. Isitoshe, wenye ulemavu hawakuvunja sheria yoyote, na bado wako nje. Tukianza na hao, hakuna mzazi atakayekosa usingizi.

Kwenu walimu wenzangu, mtakapofundisha habari za Jenerali China muhula huu, msifunge daftari mara anapokamatwa. Wapelekeni wanafunzi Lokitaung, kisha muwafikishe kwenye miaka ishirini aliyokaa akiwatumikia vijana ambao hawakuwa na mahali pa kwenda. Na ninyi wanafunzi, mkija kushika madaraka na kuombwa kutia sahihi masharti ya kuingia chuoni au kazini, jiulizeni ni nani anayefungiwa nje na kalamu yenu. Mwaka 1964, serikali changa isiyo na fedha ilimkabidhi vijana wake mtu aliyekuwa amehukumiwa kunyongwa. Sisi, tulio na vyuo, hazina na sheria zaidi ya zile walizokuwa nazo, hatuna udhuru wa kuwa na imani ndogo kuliko yao.